Maswali ya wasomaji: Nyumba ya mawe na hesabu ya ghorofa

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi na ndugu zangu tumeirithi kwa marehemu mama yetu nyumba ya mawe ya ghorofa moja huko Mkomani, Lamu. Lipu inabambuka, na boriti mbili za msana, yaani ukumbi unaoelekea ua wa ndani, zimepinda hadi tumezitegemeza kwa nguzo. Kaka yetu mkubwa aliyeko Mombasa anataka tubomoe upande wa nyuma, tumwage zege na tupandishe ghorofa mbili za vyumba vya kupangisha, kwa kuwa bandari mpya ya Lamu imeleta watu. Fundi anasema hatutapata kibali. Je, tufe maskini ndani ya nyumba yetu wenyewe ili wageni wapate pa kupiga picha? (Dada wa Mkomani)

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Uchungu ulio katika swali lako ni wa haki, na sitalijibu kwa kukuhubiria fahari ya mababu, maana fahari hailipi fundi.

Fundi wenu amesema kweli. Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo linalolindwa kisheria mwaka 1986, UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kubomoa au kubadilisha jengo la aina hiyo bila idhini. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010 iliyaacha majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali kuu, huku mipango ya ujenzi ikikabidhiwa kaunti, kwa hiyo mwenye nyumba hana budi kubisha hodi kwenye milango miwili. Anzeni Makumbusho ya Taifa, wanaosimamia majengo hayo kwa niaba ya serikali kuu, kabla hamjamlipa mtu mchoro wowote.

Hata hivyo, kibali kingepatikana kesho, bado ningewashauri msimwage zege hilo. Kuta zenu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake, unaokaribia nusu mita, huwafanya watu wadhani kwamba zinaweza kubeba chochote. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa unyevu huo taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukipigwa saruji, maji hukwama ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma hadi ibambuke pamoja na vipande vya jiwe. Uchunguzeni vizuri ukuta wenu: mkiona kiraka cha kijivu kimeachia kama gamba, na nyuma yake kuna unga mweupe ambao ukiuonja ni chumvi, basi kiraka hicho ndicho kilicholeta ugonjwa. Nondo za zege nazo huliwa na chumvi hiyo hiyo, zikavimba na kulipasua zege lenyewe, mbali na uzito wa ghorofa mbili juu ya ukuta ambao haukukusudiwa kuzibeba.

Boriti ni habari nyepesi zaidi. Kwa kawaida huoza kwenye ncha iliyozama ukutani, pale maji ya darini yanapopenya. Fundi anayeijua kazi hutegemeza dari, hutafuta kwanza maji yanapoingilia, kisha hutoa boriti moja moja na kupachika nyingine ya mkoko, ambayo mtainunua papa hapa Lamu kwa mkataji mwenye leseni. Wanaosema uhifadhi ni adui wa uchumi husahau jambo hili: pesa ya chokaa, boriti na ujira wa mwashi huzunguka humu humu kisiwani, ilhali ya saruji na nondo huvuka bahari ikaenda zake.

Sasa tuiangalie hesabu ya kaka yenu. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa mwaka 2021, lakini bandari iko Kililana, upande wa bara. Mfanyakazi wa huko akipanga Mkomani itambidi alipe boti asubuhi na jioni, hivyo mtu mwenye akili yake atatafuta chumba kwanza Mokowe au Hindi, miji ya huko huko bara. Anayekuja Mkomani kwa hiari na kulipa kwa usiku hufuata kiwanda, yaani ua wa ndani, chenye kivuli, zidaka (mashubaka ya ukutani) za msana na upepo wa darini, juu ya nyumba, chini ya makuti, na hivyo mnavyo tayari. Zibeni dari, tengenezeni choo, vuteni umeme na maji kwa utaratibu, kisha mpangishe sehemu ya juu; mabadiliko ya ndani ya aina hiyo ni rahisi zaidi kuyatetea mbele ya wakaguzi kuliko ghorofa mpya. Sehemu ya chini mpeni mpangaji wa mwezi, mwalimu au muuguzi, kwa sababu watalii si wa kuegemewa peke yao: mashambulizi ya Mpeketoni, katika kaunti yetu hii, ya mwaka 2014, na baadaye korona, yalituonyesha jinsi vyumba vinavyoweza kubaki vitupu.

Pamoja na hayo, nakubaliana nawe kwamba mzigo umegawanywa vibaya. Mwenye nyumba anahitaji ruhusa ya kupanua dirisha, lakini bandari nzima ilianza kujengwa kwa namna ambayo mwaka 2018 Mahakama Kuu iliona imekiuka haki za wenyeji, ikiwemo haki yao ya utamaduni, na kuwaamulia wavuvi fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwa maoni yangu, kama nyumba yenu ni urithi wa dunia, basi dunia nayo ichangie lipu: sehemu ya ada wanazolipa wageni irudi kama mikopo midogo ya ukarabati, na anayekarabati kwa chokaa apunguziwe kodi ya ardhi. Lisemeni hilo katika vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, mkiwa wengi, si nyumba moja moja.

La mwisho ni mirathi. Kaka yenu, ingawa ni mkubwa, hawezi kuamua peke yake. Gawaneni hisa mbele ya Kadhi, na mhakikishe mapema kwamba nyumba si ya wakfu.

SWALI: Nina duka karibu na Ndia Kuu, njia kuu ya Mji wa Kale. Mnunuzi kutoka nje anautaka mlango wangu wa kuchonga, nami nimefikiria kuweka wa chuma na kioo ili bidhaa zionekane. Kuna ubaya? (Mwenye duka, Lamu)

JIBU: Ubaya upo, ndugu. Sheria ile ile ya mwaka 2006 inaihesabu milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vinavyolindwa, na kuuondoa mlango wa aina hiyo mahali pake kunahitaji kibali. Mnunuzi anayeharakisha mambo bila kulitaja hilo ni wa kuogopwa. Kama wako ni wa juzi, kazi ya mafundi wetu ambao bado wanachonga, waulize Makumbusho wauthibitishe kwa maandishi. Kuhusu bidhaa, fungua mbao zote mbili asubuhi, weka taa nzuri ndani, na utandaze vitu barazani pasipo kuwazibia punda njia.