Pesa ikae mbali na kidole

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Nairobi imekuwa ghali. Wewe unafanya nini pesa yako isiibiwe wala isikuishie kabla ya mwisho wa mwezi?" Najua wengi watajibu kwamba tubane matumizi. Mimi naona mtu wa kawaida hapa mjini alishabana zamani, hana pa kubana tena. Shida yake ni kwamba pesa yote inakaa kwenye simu, na ikishakaa hapo inafikiwa na kila mtu: yeye mwenyewe saa nne usiku, binamu wa ushago, tapeli na mkopeshaji.

Nianze na mkopeshaji. Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, ilipoingia Januari 2019 ilikuwa afueni, umepungukiwa na hamsini ya nauli inakujazia. Lakini hiyo hujilipa yenyewe. Pesa yoyote ikiingia M-Pesa, hata kama ni karo ya mtoto uliyotumiwa na kaka yako, deni linakatwa kwanza pamoja na ada zake, kisha unabaki na pengo na unafuliza tena. Nawajua watu wanaolipwa vizuri kunishinda ambao mshahara wao haujawahi kukuta salio, unakuta deni tu. Kwa hiyo wangu haupitii M-Pesa. Unaingia benki, na siku hiyo hiyo kodi inaenda kwa landilodi, mchango unaenda Sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo, na kwenye simu naweka pesa ya wiki moja tu. Ikiisha Alhamisi, basi Ijumaa ni githeri ya jana.

Sacco naipenda kwa sababu ni ngumu. Akiba yako huitoi mpaka ujiondoe uanachama, na kwa kawaida unangoja kama siku 60. Watu hulalamikia jambo hilo, ilhali kwangu ndio utamu wenyewe. Ukikwama unakopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yako, lakini lazima uwe na wadhamini, na mdhamini atakuuliza maswali ambayo programu ya mikopo haikuulizi hata siku moja. Hakikisha tu Sacco yenyewe imeidhinishwa na SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bima ya amana, ambayo tangu 2020 hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja benki ikifungwa, ni ya benki. Sacco haimo. Ndiyo maana sitii kila shilingi huko, hata kama gawio ni zuri.

Kuhusu matapeli, piga *100*100# leo, laini yako ya Safaricom isije ikabadilishwa na ajenti yeyote wa mtaani. Anayekupokonya laini hahitaji simu yako. Anasajili kadi mpya kwa namba yako, wewe unaona mtandao umepotea, na unapofika dukani kuuliza ameshamaliza. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na yule anayekupigia akilia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Kwanza angalia salio, si ujumbe, kwa sababu ujumbe wa uongo ni rahisi kuutunga. Kama pesa imeingia kweli, mwambie apeleke ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom, irudishwe kwa njia hiyo. Mwenye haki hatakataa.

Nyumba. Kodi ya Rongai au Kitengela, nje ya jiji, inavutia mpaka ujumlishe nauli, na ukumbuke kwamba mvua ikinyesha makanga hutaja bei anayotaka. Mimi nafanya kazi Industrial Area na nakaa Donholm. Kodi inauma, lakini matatu zikigoma natembea.

Chakula sina mengi. Maharagwe, mchele na sabuni nanunua kwa jumla. Nyanya na sukuma namwachia mama mboga wa karibu. Wanaosema kila kitu kinunuliwe soko la Marikiti hawajawahi kuishi bedsita isiyo na friji wakatazama nusu kreti ya nyanya ikioza. Na unga wa mafuko makubwa, wageni wakishajua upo, haufiki mwisho wa mwezi.

Jamaa wa nyumbani nao nimewatengea tarehe moja ya mwezi na kiasi kinachojulikana. Msiba ni kando, ugonjwa ni kando. Mwanzoni waliniita mchoyo. Siku hizi mama mwenyewe ndiye anayewaambia wasubiri tarehe.

Limebaki la chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, maana najua mtaniuliza. Chama ni kizuri, na watu wengi mtaani kwetu walinunua meko na viti kwa mzunguko. Ila vyama vingi huweka pesa ya watu ishirini kwenye laini ya mweka hazina. Laini hiyo ikiibiwa, au ikiwa ana Fuliza yake, michango yote inapita kwenye deni la mtu mmoja. Fungueni akaunti ya kikundi benki, yenye watia sahihi watatu, mmoja wao awe yule mwanachama mgomvi anayedai risiti kila mkutano. Msimchague mwenyekiti na rafiki zake wawili.