Sungura aliyeacha kula na gharama za daktari
Umeuliza kama unaweza kusubiri siku mbili ili upate fedha, ilhali sungura wako hajala tangu jana jioni. Usisubiri: utumbo wa sungura hautakiwi kusimama, na akikaa takribani saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura, hata kama anaonekana ametulia tu kwenye kona yake. Mweleze daktari wa wanyama kiasi ulicho nacho kabla hajaanza matibabu, kisha umwombe makadirio ya maandishi yanayotenganisha huduma za lazima leo, kama vile dawa ya maumivu na kuongezewa maji mwilini, na vipimo vinavyoweza kungoja. Baadhi ya madaktari hukubali kulipwa kwa awamu, lakini waombe mapema, si baada ya bili kutoka. Sungura wangu alipougua, daktari alihakikisha kwanza kwamba utumbo haujaziba, ndipo akanifundisha kumlisha uji maalumu wa sungura kwa bomba lisilo na sindano, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele (nguo zangu zilikoma kwa kuchafuka), nikaepuka gharama ya kumlaza. Amoksilini (dawa ya antibiotiki) ya kumeza iliyobaki nyumbani usimpe kabisa, kwani inaweza kumuua.