Mke wa mfanyakazi aliyepata ulemavu ana fungu lake?

Dada, umeeleza kwamba mumeo analipwa mafao ya ulemavu na Hifadhi ya Jamii ya Marekani, nawe, mwenye miaka 41 na mtoto wenu wa miaka 9, unauliza kama mke hupata chochote. Unaweza kuomba sasa bila kungoja miaka 62, kwa kuwa unamlea mtoto wake aliye chini ya miaka 16. Fungu lako laweza kufikia nusu ya lake, ingawa mara nyingi hupungua kwa sababu jumla ya malipo ya familia moja ina kikomo. La kwake haliguswi. Hakikisha kwanza kwamba mafao hayo yanatokana na makato ya mshahara wake, kwani SSI, yaani msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, haina fungu la mke. Peleka cheti halisi cha ndoa, si kivuli. Ukiwa kazini, taja kipato chako mapema, la sivyo watakudai baadaye urudishe ulicholipwa zaidi. Na kama ukaaji wako una utata, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu.