Shangazi, hela za matembezi ya kansa ya matiti zinaenda wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Kikundi chetu kinaandaa matembezi ya hisani kuchangia utafiti wa kansa ya matiti na mi ndo mweka hazina. Kamati imegawanyika, wengine wanataka tisheti za pinki, jukwaa na mziki mkubwa, nikipiga hesabu naona karibu nusu ya hela inaishia hapo. Afu kuna mwenzetu anasema utafiti ni kazi ya serikali na makampuni, vijisenti vyetu havitafanya kitu, bora tumpe mgonjwa mmoja. Nifanyeje? – Mweka Hazina

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupiga hesabu mapema. Nianze na huyo mwenzenu. Kuna dawa ya kansa ya matiti inaitwa trastuzumab, wengi wanaijua kama Herceptin, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kabla ya hapo mwanamke ambaye uvimbe wake una protini ya HER2 kupita kiasi, na hao ni kama 15 mpaka 20 katika kila wagonjwa 100, ugonjwa ulikuwa unamwendea mbio sana. Daktari Dennis Slamon wa UCLA, chuo kikuu huko Marekani, ndo aliyekuwa anaifuatilia hiyo HER2 tangu miaka ya 80, na kampuni yenye dawa ilikuwa inasitasita, basi akatokea mama mmoja, Lilly Tartikoff, ambaye mumewe alitibiwa kansa na huyo huyo Slamon, akaenda kuwabana Revlon, kampuni ya vipodozi, mpaka wakatoa hela, na yeye mwenyewe akawa anaandaa hafla za kuchangisha. Najua nyie sio Revlon, lakini mchango una nguvu palepale ambapo wenye hela nyingi wanaogopa kuanza. Hata mchango mdogo unalipia kitu, mfano friji la nyuzi 80 chini ya sifuri linalotunza vipande vya uvimbe, au simu za nesi anayewatafuta wagonjwa miaka 5 baada ya matibabu kujua kama ugonjwa umerudi.

Kumsaidia mgonjwa ni jambo zuri sana, siwakatazi, ila chagueni moja SASA HIVI na mliandike kwenye kadi ya mchango, maana mtu aliyetoa hela ya utafiti hajawapa ruhusa ya kulipia bili ya hospitali hata kama huyo mgonjwa anatia huruma kiasi gani.

Tisheti tafutieni mfadhili, akikosekana watu waje na nguo zao, utepe wa pinki, ile alama ya kansa ya matiti, unatosha. Na mziki mkubwa mi naukataa kabisa. Siku yenyewe meza ya kupokea hela ikae na watu wawili wasio ndugu, kila anayetoa apewe risiti, mkimaliza mnahesabu palepale kabla meza haijaondolewa na wote wawili wanasaini daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga hawakukosea hapo.

Kabla hamjatangaza chochote nendeni kwenye taasisi inayofanya huo utafiti, ulizeni ni mradi gani hasa, umepitishwa na kamati ya maadili ya utafiti au bado, wanakata asilimia ngapi ya uendeshaji, na hela ziingie akaunti ya taasisi, SIO ya daktari hata awe mtu mwema vipi. Wakishindwa kujibu hayo tafuteni wengine.

SWALI: Nikinunua bidhaa yenye utepe wa pinki si nimeshachangia? – Mpenda Pinki

JIBU: Inategemea mdogo wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 90 huko Marekani Charlotte Haley alikuwa anatengeneza tepe za rangi ya pichi kwa mkono wake, anazigawa na kadi ya kudai hela zaidi ziende kwenye kuzuia kansa, wenye biashara wakautaka huo utepe akawakatalia, ndo mwaka 1992 wakaja na wa pinki. Kwa hiyo utepe peke yake haukuambii kitu, soma kwenye pakiti wanatoa kiasi gani, kwa nani, na kama kuna kikomo, maana kampuni inaweza kuwa imeshafikia kikomo chake na bado inaendelea kukuuzia. Usipoona hayo, hela yako ipeleke moja kwa moja kwa watafiti.

SWALI: Mi mwanaume, nikijiunga na haya matembezi sitaonekana wa ajabu? – Kaka Mkubwa

JIBU: Nenda kaka, tena nenda na wenzako. Wanaume nao wanaugua kansa ya matiti, ni wachache, hawafiki hata mmoja kwa kila wagonjwa 100, lakini wapo, na kwa uchache wao majaribio mengi ya dawa yamekuwa yakiwaacha nje, kwa hiyo madaktari mara nyingi wanawatibu kwa kuangalia majibu ya majaribio yaliyofanywa kwa wanawake. Ukifika waulize waandaaji kama utafiti wanaouchangia unapokea na wagonjwa wanaume.