Maswali na Majibu: Dawa Zilizobaki na Sindano Zilizotumika Nyumbani Zipelekwe Wapi?

SWALI: Mfamasia, habari za kazi. Mzee wetu aliishi na kisukari kwa miaka mingi, kisha akapata saratani, na amefariki mwezi uliopita. Hapa nyumbani Tabata ameacha vichupa vya insulini kwenye friji, viwili havijafunguliwa, pamoja na vidonge vya metformini na vya presha, dozi za antibiotiki ambazo hakuzimaliza, chupa ya mofini ya maji aliyopewa siku za mwisho, na chupa kubwa ya maji ya kunywa iliyojaa sindano alizokuwa akijichoma. Shangazi anataka tuchome vyote uani, kaka anasema tuvitumbukize chooni, na mimi nilifikiri insulini tumpe jirani anayeumwa ugonjwa huohuo. Ipi ni sahihi? Na mashine yake ya kupimia sukari tuifanyeje?

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Mapendekezo yote matatu yametolewa kwa nia njema, lakini hakuna hata moja ninaloweza kukushauri mlifuate kama lilivyo. Nitaanza na sindano, kwa kuwa ndizo zinazoweza kumdhuru mtu leo hii, kisha nitakwenda kwenye dawa.

Kabla ya kuamua kitu kiende wapi, jiulize ni nani atakayekishika baada yako. Mfuko wa taka ukitoka getini kwenu hupokelewa na kijana wa guta au wa gari la taka, hufunguliwa na waokota chupa, na kinachobaki hufika dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako wapo watu wengine wanaochambua kwa mikono. Miongozo ya baadhi ya nchi tajiri humruhusu mgonjwa kuweka sindano katika chupa ngumu ya sabuni ya maji, kuifunga kwa utepe wa gundi (selotepu) na kuitupa pamoja na taka za kawaida, kwa kudhani kwamba hakuna atakayeifungua tena. Kwetu chupa ya plastiki ni bidhaa. Mwokota chupa ataifungua, atamwaga kilichomo ili aipime kwa kilo, na zile sindano zitabaki chini penye watoto na watu waliovaa kandambili. Hata kopo la bati lina mnunuzi wake kwenye biashara ya vyuma chakavu. Kwa sababu hiyo, sindano za nyumbani zisiingie kabisa kwenye taka za mtaa, hata kama zimefungwa vizuri kiasi gani.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Kwa takwimu zinazotumika kuwaelekeza watumishi wa afya, mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyotumiwa na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa aina ya C ni chini ya asilimia 2, na kwa Virusi vya UKIMWI ni takriban asilimia 0.3. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuendelea kuwa hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Mzee wenu huenda hakuwa na virusi vyovyote kati ya hivyo, lakini anayechomwa na sindano jalalani hajui imetoka kwa nani, na atalazimika kutibiwa kama aliyechomwa na sindano ya mwenye maambukizi.

Sasa, ile chupa ya maji ya kunywa. Plastiki yake ni laini, na sindano hupenya ubavuni kwa urahisi. Usijaribu kuhamisha sindano moja moja wala kuzimwaga ili uzihesabu. Itumbukize chupa yote kama ilivyo ndani ya dumu gumu lenye mdomo mpana, ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, au kopo kubwa la maziwa ya unga. Funga mfuniko, zungushia utepe wa gundi, kisha andika kwa kalamu nzito: SINDANO ZILIZOTUMIKA, USIFUNGUE. Usizioshe wala usizimwagie Jiki, kwa maana dawa hiyo haiondoi ncha kali, na kila unapozigusa zaidi ndivyo unavyoongeza nafasi ya kuchomwa. Baada ya hapo peleka chombo hicho kwenye kituo mlichokuwa mkichukulia insulini, yaani kliniki ya kisukari, na mkabidhi muuguzi mkononi. Vituo vya tiba tayari vina visanduku vya manjano vya kutupia sindano pamoja na utaratibu wa kuviteketeza, na chombo chako kitaingia katika mkondo huohuo. Ni vyema kupiga simu au kuulizia kwanza, maana nimewahi kuona ndugu wa mgonjwa wakirudishwa mlangoni na mtu wa mapokezi ambaye hakuelewa wamebeba nini. Ukikataliwa mapokezi, omba kumwona mfamasia au msimamizi wa usafi wa kituo. Ikishindikana, nenda kwa afisa afya wa kata, ambaye taka hatarishi ni sehemu ya kazi yake.

Kwa wasomaji ambao bado wanajidunga, chombo kigumu kiwe karibu na mahali unapojichomea, na sindano iingie humo mara tu inapotoka mwilini, bila kurudishiwa kifuniko. Ikiwa uko safarini na chombo hukubeba, laza kifuniko mezani, ukichote kwa ncha ya sindano kwa mkono mmoja tu, kisha ukikaze kwa kukisukumia ukingo wa meza. Mkono wa pili usikaribie. Anayetumia kalamu ya insulini aondoe sindano kila baada ya kujidunga, kwa sababu ikiachwa hewa huingia na dawa huvuja, na kipimo kinachofuata kinakosea. Chombo kikifika robo tatu kifungwe, kisishindiliwe. Dumu la lita chache hutosha miezi mingi, kwa hiyo hata anayeishi mbali na hospitali anaweza kusubiri siku yake ya kliniki akaenda nalo.

Pendekezo la shangazi la kuchoma halifai kwa sindano wala kwa dawa. Moto wa uani huunguza plastiki, lakini chuma hubaki na ncha yake ndani ya majivu, nasi majivu hayo tunayatia bustanini na chooni. Pakiti za vidonge nyingi zimetengenezwa kwa plastiki ya PVC na karatasi ya alumini. Zikiungua kwenye moto hafifu hutoa moshi wenye tindikali na sumu za jamii ya dioksini. Vichupa vya kioo vilivyofungwa hupasuka, na makopo ya dawa ya pumu ya kuvuta hulipuka. Matanuri yanayofaa kuteketezea dawa huwa na vyumba viwili vya moto na hufikia angalau nyuzi joto 850 za Selsiasi, kiwango ambacho moto wa uani hauwezi kukidumisha. Kuzika uani si bora sana, kwani mvua za masika hufukua, na mbwa na watoto humalizia kazi hiyo.

Kuhusu choo, ningependa kaka aelewe sababu halisi, maana mara nyingi hutiwa chumvi. Sehemu kubwa ya dawa zinazopatikana katika maji ya mito na visima hupitia kwenye mkojo wa watu wanaozimeza. Metformini, kwa mfano, hutoka mwilini bila kubadilika. Kwa hiyo vidonge kumi vyenu havitaharibu maji ya Tabata. Hoja ni kwamba choo cha shimo au tangi la maji machafu liko mita chache kutoka kisima cha mtu, kwamba antibiotiki zikirundikana humo huwazoesha vimelea kuishi nazo, na kwamba sindano zilizotumbukizwa humo zitawangoja wapakuaji wa vyoo, wale wanaoitwa vyura mitaani, ambao hushuka shimoni miguu na mikono mitupu.

Dawa zenu mzigawe mafungu. Mofini iende peke yake na iende kwanza. Hata kiasi kidogo kinaweza kuzuia pumzi ya mtoto au ya mtu mzima asiyeizoea, na chupa yake haina harufu wala sura ya kumtisha mtu. Ni dawa inayodhibitiwa kisheria. Irudisheni kwa timu ya tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa mahututi) iliyompatia mzee, na mwombe kiasi kilichorudishwa kiandikwe kwenye daftari mbele yenu. Mpaka siku hiyo, iwe kabatini na ufunguo uwe kwa mtu mmoja. Ikiwa kuna vidonge vya saratani vilivyobaki, vifuatane nayo. Visivunjwe, visisagwe, na avishikaye avae glavu. Kwa familia nyingine zenye dawa za kifua kikuu au za kufubaza Virusi vya UKIMWI, sheria ni hiyohiyo: zirudi kwenye kliniki zilikotoka.

Vidonge vya presha, metformini na antibiotiki navyo vipelekwe famasi ya hospitali pamoja na sindano, ili safari iwe moja. Kwa maduka na vituo, dawa zisizofaa huharibiwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa kumbukumbu za maandishi, na mfuko wenu mdogo unaweza kuingizwa katika shehena hiyo. Duka la dawa la mtaani si lazima likubali. Huko Uingereza kupokea dawa zisizotakiwa ni sehemu ya huduma ambazo famasi za mitaani huzitoa kwa mkataba, na kwa maoni yangu hapa kwetu jambo hilo lingepaswa kuanza na famasi kubwa za mijini, ambazo zina mahali pa kuhifadhi.

Ikiwa kweli hakuna kituo kitakachopokea, na kiasi ni kidogo, ipo njia ya mwisho kwa dawa za kawaida tu. Toa vidonge kwenye pakiti bila kuvisaga, vichanganye na majivu yaliyoloweshwa au majani ya chai yaliyokwisha kutumika mpaka visitambulike, viweke kwenye mfuko usiovuja, na uutoe siku ileile gari la taka linapopita, si jana yake. Dawa ya maji imwagwe kwenye majivu makavu au maranda mpaka inywewe yote. Chana boksi, futa jina la mgonjwa, na katakata pakiti, kwa sababu boksi zuri lenye nembo hutafutwa na wauzaji wa dawa bandia.

Insulini inahitaji maelezo yake. Ni protini, na hupoteza nguvu ikikaa nje ya baridi, kwa hiyo kwa mazingira haina madhara ya kuogopesha; hatari yake ni mtu mwingine kujidunga nayo. Ndiyo sababu sikubaliani na wazo la jirani, ingawa najua bei ya insulini na najua hivyo vichupa viwili vinavyouma kuvitupa. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba vilikaa kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote, hasa katika nyumba inayokatikiwa umeme. Iliyoganda au iliyopata joto yaweza kuonekana safi kabisa machoni huku nguvu yake imepungua, na jirani atadhani kipimo chake ndicho kibaya akaongeza. Pia aina hutofautiana: ya kufanya kazi haraka na ya mchanganyiko hazibadilishani. Hata miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa inakataza kutoa dawa zilizokwisha kukabidhiwa kwa mgonjwa na kisha kurudishwa. Vipelekeni kliniki vikiwa ndani ya kikasha cha kutunza baridi, na uamuzi uwe wao. Vichupa vya kioo viwekwe kwenye mfuko tofauti na sindano, kwa kuwa kituo huvishughulikia kwa njia tofauti. Jirani naye mshaurini aulize kliniki hiyohiyo kama anastahili msamaha wa gharama.

Mtu akichomwa wakati mnashughulikia vitu hivi, aoshe jeraha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni, asiliminye, asilinyonye, asilitie Jiki, kisha aende hospitali saa hiyohiyo. Dawa za kinga dhidi ya Virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa. Hutumiwa kwa siku 28. Aulizie pia chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hajawahi kuipata.

Mashine ya kupimia sukari ndiyo mnayoweza kumpa jirani. Ifuteni kwa kitambaa chenye spiriti, hakikisheni stripu zake (vile vipande vya kuwekea tone la damu) hazijapitwa na muda na kopo lake lilikuwa likifungwa, maana unyevu huziharibu na kutoa majibu ya uongo. Kile kifaa kama kalamu cha kutobolea kidole msimpe, hata kikiwekewa kisindano kipya, kwa sababu hubeba mabaki ya damu yasiyoonekana na kuchangia vifaa hivi kumewahi kueneza homa ya ini aina ya B, anunue chake. Visindano vyake vilivyotumika viingie kwenye chombo cha sindano, na stripu zilizotumika zifungwe kwenye mfuko na kwenda na taka za kawaida. Betri ya mashine, ikiwa ni ile ya duara ndogo kama kifungo, ikiisha isiachwe mezani, kwani mtoto akiimeza inaweza kutoboa koo lake katika muda wa saa chache.