Maswali na Majibu: Maikrofoni ya Ngoma ya Besi Jukwaani

SWALI: Ninaendesha mitambo ya sauti katika ukumbi wa ukubwa wa wastani ambamo bendi za mitindo mbalimbali hupanda jukwaani. Ngoma ya besi tuliyonayo ni ya inchi 22, na ngozi yake ya mbele ina tundu. Hadi sasa tumekuwa tukiitegea maikrofoni ya kawaida ya waimbaji, nayo hutoa sauti kavu isiyo na uzito hata nikipandisha besi kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti). Uwezo wangu ni wa kununua maikrofoni moja tu. Nimeshauriwa ninunue AKG D112, wengine wakasema Shure Beta 52A, wengine Audix D6, na mwenzangu mmoja anasisitiza ile bapa inayolazwa ndani ya ngoma. Nichukue ipi?

JIBU: Maikrofoni uliyonayo si mbovu, ila imetengenezwa kwa kazi nyingine. Mwimbaji huweka mdomo karibu kabisa na maikrofoni, na ukaribu huo hunenepesha besi ya sauti yake, kwa hiyo watengenezaji wa maikrofoni za kuimbia hupunguza makusudi masafa ya chini, kuanzia takriban hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) kushuka. Uzito wa ngoma ya inchi 22 kwa kawaida uko kati ya hezi 50 na 80, yaani ndani ya eneo hilohilo lililopunguzwa. Unapopandisha besi kwenye mikisa huinui ngoma peke yake, bali unainua pia mngurumo wa gitaa la besi na mtetemo wa jukwaa unaopanda kupitia stendi, na ndiyo maana matokeo huwa kelele nzito badala ya pigo zito.

Maikrofoni tatu za kwanza ulizotaja zote ni za aina ya dainamiki, yaani zinazotumia koili na sumaku, zinastahimili mapigo makali bila kukwaruza sauti, na hazihitaji umeme kutoka kwenye mikisa. Zinachotofautiana ni umbo la sauti ambalo kila mtengenezaji ameliweka tayari. Kwa jumla maikrofoni za ngoma ya besi huinua masafa ya chini, hupunguza eneo la hezi 250 hadi 500 ambako ngoma husikika kama boksi tupu, kisha huinua tena eneo la hezi 3,000 hadi 5,000 ambako mlio wa kinyundo cha pedali kikigonga ngozi hujitokeza. Kwa hiyo unaponunua maikrofoni ya namna hii unanunua pia maamuzi ya ikwaliza (kupandisha na kushusha masafa mbalimbali ya sauti) ambayo mtu mwingine amekwisha kuyafanya.

Audix D6 ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika hilo. Masafa yake ya kati yamechimbwa sana, na ukiitumbukiza ndani ya ngoma sauti inatoka ikiwa tayari kwa muziki wa roki au wa dansi wenye mapigo makali, karibu bila kugusa mikisa. Mafundi wanaobadilisha bendi kila baada ya dakika chache huipenda kwa sababu hiyo, nami siwalaumu. Hata hivyo ni sawa na nguo iliyokwisha kukatwa na kushonwa: ikimfaa mvaaji inapendeza, lakini kitambaa kilichokatwa hakirudishwi. Mpigaji wa jazi anayegusa pedali kwa upole, na anayetaka ngoma yake isikike ikiwa na mlio wa noti, hatapata kutoka kwenye D6 ile sehemu ya kati anayoitegemea.

Beta 52A iko katikati. Besi yake hunenepa sana inaposogezwa karibu, na ina mwinuko mkubwa karibu na hezi 4,000. Inapokea sauti ya mbele kwa upana mdogo kuliko maikrofoni ya kawaida ya kadiodi (inayopokea zaidi sauti ya mbele), lakini huacha mwanya mdogo wa kupokea moja kwa moja nyuma yake, jambo linalofaa kukumbukwa pale spika za jukwaani zinapokuwa zimeelekezwa kwenye mgongo wake. D112 imeachiwa masafa ya kati mengi zaidi kuliko hizo mbili, na kwa sababu hiyo wapo wanaoiona ya kizamani. Kwa ukumbi unaopokea bendi za kila mtindo mimi ningechukua D112. Masafa ya kati yakizidi unaweza kuyapunguza kwa ikwaliza katika muda mfupi, ilhali masafa yaliyokosekana, ukijaribu kuyainua, yanakuja pamoja na mlio wa matoazi na wa sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali). Kama bendi zako karibu zote hupiga kwa nguvu na kwa sauti ya juu, Beta 52A itakupunguzia kazi.

Ile bapa, ambayo mwenzako huenda anamaanisha Shure Beta 91A au Sennheiser e901, ni ya kondensa, na ni lazima mikisa iipatie umeme wa volti 48. Hulazwa juu ya mto au blanketi ndani ya ngoma, haihitaji stendi, na hunasa mlio wa kinyundo kwa ukali usiofikiwa na dainamiki nyingi. Ikiwa peke yake, mara nyingi uzito wa chini hautoshi katika ukumbi wenye subwufa (spika za besi) kubwa. Ni maikrofoni nzuri ya pili, na wewe unanunua ya kwanza.

Kabla ya kutoa fedha zako, zingatia kwamba mahali unapoiweka maikrofoni hubadilisha sauti zaidi kuliko kubadilisha D112 kwa Beta 52A. Ukiiingiza ndani hadi ibaki sentimita 5 hadi 10 kutoka ngozi inayopigwa, ikitazama mahali kinyundo kinapogonga, utapata mlio mkavu wa pigo na sauti ndogo sana ya vyombo vingine. Ukiirudisha hadi katikati ya ngoma, mwili wa ngoma huanza kusikika. Ukiiweka sentimita chache tu ndani ya tundu, uzito huongezeka na pigo hulainika. Mahali pa kuepuka ni kwenye mdomo wenyewe wa tundu, kwa kuwa kila pigo husukuma hewa kwa kasi kupitia hapo, na pumzi hiyo husikika kwenye spika kama kitu kinachopulizwa. Kugeuza maikrofoni kidogo, isitazame kinyundo bali itazame ubavu wa ngoma, hupunguza ukali wa pigo hata pale ambapo haijasogezwa kabisa. Jaribu nafasi hizi bendi nzima ikiwa inapiga, kwa sababu sauti inayopendeza ngoma ikiwa peke yake mara nyingi humezwa gitaa la besi linapoingia.

Chunguza pia ngoma yenyewe. Ngozi iliyolegea hadi kukunjamana, au mto mkubwa uliobanwa kwenye ngozi zote mbili, huua uzito ambao hakuna maikrofoni itakayourejesha. Mto mdogo unaogusa kwa wepesi ngozi inayopigwa unatosha. Mwombe mpigaji asiusogeze baada ya majaribio ya sauti, ingawa wapigaji wengi huusogeza tu.

SWALI: Mpigaji wetu hataki ngozi ya mbele itobolewe. Nimeweka maikrofoni moja mbele ya ngoma na nyingine upande wa pedali ili nipate mlio wa kinyundo. Kila moja ikiwa peke yake inasikika vizuri, lakini nikizifungua zote mbili uzito unapotea. Sababu ni nini?

JIBU: Kinyundo kinapogonga, ngozi ya upande wa pedali hukimbia kutoka kwenye maikrofoni iliyo upande huo, wakati ngozi ya mbele inasukumwa kuelekea maikrofoni ya mbele. Maikrofoni moja inapokea mvuto na nyingine inapokea msukumo kwa wakati karibu uleule, na mikisa inapozijumlisha zinafutana, hasa katika masafa ya chini. Bonyeza kitufe cha kugeuza awamu (kinachobadilisha msukumo kuwa mvuto na mvuto kuwa msukumo) kwenye chaneli ya maikrofoni ya upande wa pedali, ambacho mikisa nyingi hukionyesha kwa alama ya duara lililokatwa na mstari, kisha usikilize hali zote mbili na ubaki na ile yenye uzito zaidi.

Wanaoweka maikrofoni mbili ndani ya ngoma hukutana na jambo tofauti kidogo. Maikrofoni zilizoachana kwa sentimita 30 hupokea pigo kwa kupishana karibu milisekunde 0.9, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Upishano huo haudhuru sana hezi 60, ila hufuta sauti karibu na hezi 570, eneo ambalo wengi wangelipunguza hata hivyo, na kisha huendelea kula sehemu za masafa ya juu zaidi. Kama mikisa yako ni ya kidijitali na ina ucheleweshaji kwa kila chaneli, icheleweshe ile iliyo karibu na kinyundo kwa kiasi hicho. Kama haina ucheleweshaji, pandisha moja kwa ajili ya uzito na nyingine kwa ajili ya pigo, na uikate ya pili masafa ya chini kwa kichujio.

SWALI: Mikisa yetu ndogo huwasha volti 48 kwa chaneli zote kwa swichi moja. Je, umeme huo utaiharibu maikrofoni ya dainamiki iliyo kwenye ngoma?

JIBU: Hautaiharibu, mradi kebo ya XLR (kebo ya maikrofoni yenye pini tatu) ni nzima. Umeme huo hufika kwenye nyaya mbili za sauti kwa kiwango sawa, hivyo haupiti katika koili ya maikrofoni. Hatari iko kwa baadhi ya maikrofoni za zamani za utepe (zinazonasa sauti kwa utepe mwembamba wa chuma) na kwa kebo zenye nyaya zilizogusana. Zima sauti ya chaneli kabla ya kuchomeka au kuchomoa, kwa maana mshindo unaotokea hapo unaweza kuumiza spika.