Rangi mpya na ufa ukutani, nilipe leo au nisubiri?

SWALI: Shikamoo mama. Nimepata nyumba ya kununua naipenda kweli, imepakwa rangi juzi tu bado inanukia, sasa dalali ananipigia kila siku anasema kuna mtu mwingine anakuja na hela, nitoe kishika uchumba, yaani hela ya awali ya kuishikilia nyumba, leo leo. Chumba cha nyuma nimeona kama ufa chini ya rangi ila mwenye nyumba kasema nyumba zote zina nyufa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipe leo. Huyo mtu mwingine mwenye hela anaweza kuwepo na anaweza asiwepo, ila ufa upo umeuona kwa macho yako, kwa hiyo tuanze nao.

Ni kweli nyumba nyingi zina nyufa, zile nyembamba kama unywele mara nyingi ni plasta tu imekauka. Wa kuogopa ni ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango ukapanda kwa mshazari, au unaofuata maungio ya tofali kama ngazi, hasa ukipanuka kufika milimita 5 au zaidi, maana hapo msingi unaweza kuwa unatitia. Toka nje uangalie upande wa pili wa ukuta huohuo, kama ufa umetokea na huko basi usiendelee bila fundi mwenye ujuzi wa majengo, na fundi umlete wewe umlipe wewe, sio wa dalali.

Halafu hiyo rangi. Wengine wanapaka ili nyumba ipendeze na wengine wanapaka ili kuficha, na wewe huwezi kujua kwa kuangalia sebule. Pitisha kiganja chini ya ukuta, kile kimo cha mita moja kutoka sakafuni, kama pana ubaridi wa maji au rangi imeanza kuvimba ujue unyevu unapanda kutoka chini. Fungua makabati unuse ndani, huko rangi huwa haifiki. Angalia dari kama kuna duara la njano. Na kama unaweza kabisa rudi siku ya mvua, mi nasemaga kila mara mvua ni fundi wa bure, itakuonyesha paa linavuja wapi na maji ya uani yanaelekea wapi.

Ukiwa hapo fungua mabomba yote kwa pamoja uone presha, flashi choo, washa kila swichi. Halafu funga mabomba yote uangalie mita ya maji, ikiendelea kuzunguka na hakuna tanki linalojaa, kuna bomba linavuja mahali hampaoni. Inachukua dakika kumi tu na watu hawafanyi!

Kuhusu hela, kabla hujatoa hata kidogo wakili wako akafanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, ajue jina lililoko kwenye hati ni la huyo anayekuuzia, kama nyumba iko rehani benki, kama kuna zuio la kuiuza au kesi. Kama ni ya wanandoa wote wawili wasaini, kama mwenyewe alishafariki basi aje msimamizi wa mirathi na karatasi zake, sio mtoto mmoja wapo aliyebaki na funguo. Kishika uchumba ukikitoa kipite benki, ikiwezekana kikae kwa wakili, na iandikwe kabisa kwamba hati ikiwa na tatizo au fundi akikuta kasoro kubwa unarudishiwa. Muuzaji akikataa kuandika hilo, mwanangu, achana na hiyo nyumba hata kama unaipenda.

SWALI: Mi na mume wangu tunauza nyumba, miezi saba sasa, watu wanakuja wanaangalia wanaondoka. Bei tuliipata kwa kujumlisha gharama zote tulizojengea na mume wangu hataki kushusha hata kidogo.

JIBU: Pole dada, najua jasho lililoingia humo. Ila mnunuzi halipii risiti zenu, analipia nyumba anayoiona akilinganisha na nyingine alizoziona wiki hiyohiyo. Tafuteni nyumba kama yenu zilizouzwa karibuni zimeuzwa kwa kiasi gani, zilizouzwa sio zilizotangazwa, maana bei ya tangazo ni matamanio ya mtu tu.

Hata hivyo kwenu kuna kitu kingine. Nyumba ikikosa hata wa kuja kuangalia, hapo kwa kawaida ni bei au picha, lakini watu wakija kisha wakaondoka kimya mara nyingi kuna kitu wanakiona ndani. Muulizeni dalali awaulize waliokataa, bila aibu. Inaweza kuwa bomba linalodondosha, mlango unaokwama, harufu, vitu vimejaa mpaka chumba kinaonekana stoo. Hivyo tengenezeni, ni hela ndogo. Msivunje jiko lote mjenge upya, hiyo hela kwa kawaida hairudi yote. Na kama paa linavuja semeni wenyewe mkapatane bei, akigundua baadaye mnaweza kuishia mahakamani.

SWALI: Nichukue mkopo wa nyumba wa miaka 10 au 20?

JIBU: Piga hesabu kwanza. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye deni lililobaki, kila 100 uliyokopa kwa miaka 10 utarudisha kama 172, kwa miaka 20 utarudisha kama 264, wakati rejesho la mwezi kwa hiyo 100 linashuka kutoka 1.43 hadi 1.10 tu. Kama kipato chako kinayumba chukua 20 upumue, ila kabla ya kusaini uliza benki kama kuna faini ya kulipa mapema, na jibu walitoe kwa maandishi.